Ukuta wa Berlin na Sahihi ya Profesa Masinde

Jumanne, 7 Novemba 1989. Kisumu

Siku njema. Siku njema sana! Seline amemaliza kupiga taipu nakala ya mwisho ya tasnifu yangu. Kurasa mia tatu na kumi na mbili. Nimeibeba kifuani kutoka ofisini kwake hadi nyumbani, jalada likitazama mbele, ili wapangaji wenzangu wasome: Laban Oketch, Ukuta Usiobomoka: Sera ya Nje ya Ujerumani Mashariki hadi Mwaka 2011. Hakuna aliyesoma. Wote walikuwa kazini. Jioni nikatoka tena kununua chumvi nisiyoihitaji, bado nimeibeba. Mwenye duka akauliza kama nauza Biblia.

Niandike wazi, maana iko siku shajara hii itasomwa. Kuanzia Port Victoria mpaka Awasi, mtaalamu wa siasa za nje za Ulaya ni mmoja tu. Mimi. Ni kweli sijawahi kufika Ulaya. Lakini daktari wa meno naye hajawahi kuishi mdomoni mwa mtu. Ninayo majarida ya bure kutoka ubalozi wa Ujerumani Mashariki, miaka saba mfululizo, na katika yote sijaona picha ya Mjerumani Mashariki hata mmoja aliyenuna. Huo ni ushahidi.

Mambo yalivyo ni haya. Chuo kina nafasi ya mhadhiri mmoja wa siasa. Tunaoitaka ni wawili, mimi na Wakoli. Wakoli ameandika juu ya mikataba ya maji ya ziwa. Maji! Kamati inakaa Ijumaa ijayo, tarehe 17. Kazi ya Wakoli ilishatiwa sahihi na mtahini wa nje mwezi jana. Yangu bado. Ikitiwa, mkuu wa idara amenidokezea kwamba Ulaya itashinda maji. Isipotiwa, Januari narudi Awasi kufundisha historia kidato cha pili. Mwalimu mkuu wa kule ananitunzia chaki.

Mtahini ni Profesa Masinde. Amestaafu, yuko kwao Port Victoria, kando ya ziwa, na ng'ombe wake. Ameniandikia barua: nakala ya kwanza ameisoma, niende tuzungumze, akiridhika atatia sahihi. Anaongeza kwamba redio yake iliishiwa na betri mwezi wa Agosti na hajisumbui kununua nyingine, masikio yanapumzika.

Seline aliniuliza jambo la ajabu. Aache nafasi kidogo mwisho wa sura ya sita, ile ya utabiri? Amesikia watu wa kule wanaandamana na mishumaa. Nikamweleza kwa upole kwamba nchi nayo hupata mafua. Maandamano hayo nimeyataja katika tanbihi ya 214, na yanatosha hapo. Akasema sawa, Mwalimu. Ninachopenda kwa Seline ni kwamba hana ubishi.

Ijumaa, 10 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikwenda kwa Salim, muuza magazeti na chai karibu na stendi ya mabasi. Redio yake ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Nikadhani ni mchezo wa kuigiza. Salim akaniambia hapana, ni taarifa ya habari. Ukuta wa Berlin umefunguliwa jana. Watu wamepanda juu yake. Wanaimba. Wengine wana nyundo!

Nikamwomba aizime. Hakuizima. Nikakaa chini. Miaka sita ya maisha yangu! Ukuta umesimama miaka ishirini na minane, ungepungukiwa na nini kusimama mpaka Ijumaa ijayo?

Saa tano nguvu zikanirudia. Pamoja nazo, mpango. Magazeti ya leo yalichapwa kabla ya habari hii. Picha zitatoka kesho. Port Victoria hupata nakala nane tu kwa siku, na Salim ndiye huzipeleka kwa basi la saa sita. Profesa hana redio. Kwa hiyo duniani kumebaki mahali pamoja ambapo ukuta bado umesimama, nako ni sebuleni kwa Profesa Masinde. Niwahi kabla ya gazeti, sahihi itiwe, halafu mambo ya Ulaya yaende yatakavyo.

Mchana Wakoli akaja kunipa pole. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili kana kwamba nimefiwa. Akasema yuko tayari kunisindikiza Port Victoria nikamweleze Profesa ukweli, kwani yeye ni mtu wa kule. Nikamwambia siendi Port Victoria. Naenda Awasi kumwona mama. Akautazama mkoba wangu. Juu yake nilikuwa nimeifunga tasnifu kwa kamba, na juu ya tasnifu nimebandika anwani ya Profesa.

Jumamosi, 11 Novemba. Port Victoria

Nimenunua nakala zote nane. Salim akauliza kama picha yangu imetoka gazetini. Nikamwambia kwa namna fulani, ndiyo.

Nimefika saa kumi. Profesa ni mzee mwembamba mwenye sweta ya kijani. Anasikiliza mpaka mtu amalize kusema, tabia ambayo hunitia wasiwasi. Mkewe, Mama Milka, alinipokea kama mtoto aliyepotea akaonekana. Chai. Viazi vitamu. Kisha samaki mzima, ngege, na ugali. Redio iko juu ya kabati, kifuniko cha nyuma kiko wazi, ndani hamna kitu. Nusura niibusu.

Nilikuwa nimesahau desturi ya huku, ingawa nami nimelelewa nayo. Mgeni haulizwi kilichomleta. Hulishwa, hulazwa, huonyeshwa ng'ombe, na siku moyo wake ukitulia atasema mwenyewe. Kumharakisha ni sawa na kumfukuza. Na mgeni akiaibika nyumbani kwako, aibu ni yako wewe mwenyeji. Nikasema moyoni, hakuna desturi tamu kuliko hii! Hakuna atakayeniuliza kitu.

Baada ya chakula nikatoa fomu ya sahihi. Profesa akaiweka kando taratibu, akasema mtu aliyetoka safarini hapewi kazi. Kisha akauliza kama kuna jambo lingine ningependa kumwambia. Nikasema hakuna. Akasema sawa, nipumzike.

Magazeti nimeyaficha chini ya godoro.

Jumapili, 12 Novemba

Balaa. Nilisahau kwamba kuna kanisa.

Mhubiri alichagua kuta za Yeriko. Vitabu vyote hivyo vya Biblia, akachagua kuta! Nilikuwa nimeketi ubavuni mwa Profesa. Alipofika pale tarumbeta zinapolia, mhubiri akapumua, akasema hata wiki hii, wapendwa, tumesikia huko Uje... Nikakohoa. Akangoja. Akaanza tena. Nikakohoa tena, safari hii kwa nguvu zote, mpaka mtoto mmoja akaanza kulia, jambo lililosaidia. Alijaribu mara nne. Mama mmoja wa kwaya akaniletea maji. Mzee wa kanisa akafungua dirisha. Mwishowe mhubiri akanitazama, akamtazama Profesa, akaiacha Yeriko ikiwa bado imesimama na kuhamia kwenye mikate mitano na samaki wawili.

Njiani Profesa akaniuliza kifua kimenishika tangu lini. Nikasema ni vumbi tu. Akasema leo mvua imenyesha. Nikasema ni vumbi la Kisumu, nimekuja nalo. Mama Milka alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika. Nadhani naye nimemwambukiza kikohozi.

Fomu? Jumapili Profesa hatii sahihi kitu chochote, hata risiti ya maziwa.

Nikarudi chumbani, nikakuta Mama Milka amenibadilishia shuka. Nikainua godoro. Magazeti yote nane yapo. Tena yamepangwa vizuri kuliko nilivyoyapanga mimi, pembe kwa pembe. Ni wazi kwamba hakuyatazama. Mama wa watu ana kuku, ana ng'ombe, ana mgeni mwenye kifua, asome gazeti saa ngapi?

Jumatatu, 13 Novemba

Profesa amenipeleka ufukoni kuona samaki wakishushwa. Nilikubali bila hofu. Wavuvi hawafuatilii siasa za Ulaya. Nimeliandika hilo katika ukurasa wa tisa.

Hatukuwa tumefika kwenye mizani, akatokea mvuvi mmoja aitwaye Opiyo, samaki mkubwa aina ya mbuta begani. Akauliza kama mimi ndiye yule mwalimu wa Wajerumani. Nikasema ndiye. Akasema, "Mwalimu, hiyo maneno ya ukuta si umesikia?"

Nikamgeukia Profesa haraka kabla hajafikiri. Nikamweleza kwamba ni mambo ya mpira. Ujerumani Magharibi inacheza Jumatano, na ikipigwa faulo wachezaji hupanga ukuta mbele ya goli. Mwaka huu ukuta wao ni dhaifu. Wapenzi wa mpira wana huzuni.

Opiyo akanitazama. Akamtazama Profesa. Profesa akatikisa kichwa kidogo sana, nadhani alikuwa anafukuza nzi. "Sawa," akasema Opiyo. "Ni mpira." Akaenda zake na mbuta wake. Watu wa huku ni wepesi kuelewa wakielezwa vizuri.

Kisha mtu nyuma yetu akauliza, bila kumlenga yeyote, na huu wa kwetu utaanguka lini. Wakacheka wote, kicheko kifupi. Karibu na mizani alikuwa amesimama bwana mmoja mwenye tai, mtu wa serikali, ananunua samaki. Alipogeuka, ufuko mzima ulikuwa unazungumza habari za omena, wale dagaa wa ziwani. Profesa peke yake ndiye aliyeendelea kutabasamu, macho yake ziwani. Sikuelewa kilichowachekesha. Port Victoria haina ukuta. Nimeizunguka yote.

Jioni Profesa akaniuliza tena kama hakuna jambo lingine. Nikasema hakuna. Akasema kesho basi tuwaogeshe ng'ombe dawa.

Zimebaki siku nne. Naanza kuota chaki.

Jumanne, 14 Novemba

Wakoli amekuja! Asubuhi, wakati tunawaogesha ng'ombe, nikamwona anateremka barabarani na shati jeupe. Aliniambia amekuja kusalimia wazazi. Wazazi wake wanakaa upande mwingine kabisa wa Port Victoria.

Amemletea Profesa zawadi mbili. Ya kwanza, gazeti la jana. Ya pili, betri nne mpya za redio! Sijaona uovu wa namna hii tangu nianze kusoma siasa.

Lakini bahati iko upande wangu. Mama Milka alilipokea gazeti, akashukuru sana, akasema karatasi nzuri hii, itawashia jiko. Akaenda nalo jikoni bila kulifunua. Profesa naye alizisifu betri, akazitia kwenye droo. Akasema masikio bado yanapumzika. Wakoli akaitazama droo. Nikamkaribisha chai.

Hakukata tamaa. Tukiwa tunakula akaanza, eti huko Ulaya siku hizi. Profesa akamkatiza, akamuuliza habari za maji ya mto Sio. Wakoli akajibu, kisha akajaribu tena, eti mipaka ni kitu cha ajabu, Profesa. Mama Milka akamwongezea mboga mpaka sahani ikafurika. Nikaanza kuamini kwamba wazee hawa hawapendi siasa kabisa, nikawahurumia kidogo.

Hata hivyo betri kwenye droo ni hatari. Baada ya chakula nilizichukua. Mfukoni zingeonekana, nikazitia ndani ya soksi, mbili kila mguu. Kutwa nzima nimetembea kwa kugongagonga. Profesa akauliza kama na miguu sasa inaniuma. Nikasema kidogo. Mama Milka akanichemshia mwarobaini, bakuli la kifua na bakuli la miguu. Nimeyanywa yote mawili mbele ya Wakoli, huku akinitazama. Uchungu wa dawa hiyo hauandikiki.

Jumatano, 15 Novemba

Naandika haya ndani ya basi. Mwandiko uvumiliwe.

Baada ya chai Profesa aliniita sebuleni. Tasnifu yangu ilikuwa magotini mwake, fomu juu yake, kalamu iko wazi. Wakoli alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Mama Milka alikaa mlangoni akichambua kunde. Profesa akaanza kwa sifa. Sura tano za mwanzo ni kazi safi, alisema. Hajapata kuona mtu wa kanda hii aliyejifundisha Kijerumani kitabuni, peke yake, mpaka akaisoma mikataba yote ya nchi ile neno kwa neno. Nilisikia joto kifuani, na halikuwa la mwarobaini.

Kisha akaishusha kalamu karibu na karatasi, akaisimamisha hapo.

"Bwana Oketch," akasema, "nimekuuliza mara mbili. Hii ni ya mwisho. Hakuna jambo lingine?"

Ningesema hakuna, kalamu ingeshuka. Nilijua hivyo. Niliiona ofisi. Niliona jina langu mlangoni. Halafu nikauona uso wa yule mzee, aliyenilisha siku nne bila kuniuliza neno, aliyeniamini mpaka kwenye ukuta wa mpira, na aibu ikanipanda kutoka kwenye soksi. Sikuwa nimepanga kusema. Mdomo ulisema wenyewe.

"Profesa, ukuta umeanguka. Tangu Alhamisi. Na kitabu changu kimeanguka pamoja nao."

Hakuna aliyeshtuka. Mama Milka aliendelea na kunde zake.

"Najua," akasema Profesa. "Nilijua Ijumaa kabla ya chai. Opiyo ana redio kwenye mashua."

Nikamtazama Mama Milka. Naye alijua! Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi miaka ishirini na mitano. Alisoma magazeti yangu siku ya Jumapili, akitandika. Akasema alifungua yote nane, akitumaini kwamba moja litakuwa na jambo tofauti. Mhubiri alijua. Kwaya ilijua. Wavuvi walijua kuliko wote. Port Victoria nzima imenitazama siku nne nikiusimamisha Ukuta wa Berlin kwa mikono yangu.

Nilitaka ardhi inimeze. Profesa akaongea polepole, na nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nilihisi ni makubwa.

"Sisi wote tulijua, tukanyamaza. Wewe ni mgeni, hatukutaka uaibike. Na wewe ukaona kimya chetu, ukasema hawa hawajui kitu. Kosa la kitabu chako ni hilohilo, bwana. Umeandika kwamba watu wa kule wameridhika kwa kuwa hawasemi. Nani alikwambia mtu asiyesema ameridhika?"

Akatazama nje, upande wa barabara. Akaishusha sauti.

"Hata sisi hapa hatusemi."

Kisha akatia sahihi! Kwa sharti moja, niandike upya sura ya sita kabla ya mwaka kwisha. Akasema ningeondoka bila kusema ukweli asingetia, hata kama ningekunywa debe zima la mwarobaini. Na kwamba mtu anayeweza kujiaibisha kwa mdomo wake mwenyewe bado anafundishika.

Nililia. Sioni haya kuliandika. Nililia machozi ya kweli, kisha nikainama, nikatoa betri moja moja kwenye soksi, nikazipanga juu ya meza. Mama Milka alicheka mpaka kunde zikamwagika. Profesa akazitia kwenye redio, ikanguruma, ikashika. Sauti kutoka Berlin ilikuwa ya mwanamke mzee. Mtangazaji akatafsiri kwamba anakwenda kumtembelea dada yake, ng'ambo ya mtaa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na minane. Katika majarida yangu yote sikuwahi kukutana na dada yake huyo.

Wakoli tumerudi naye. Njiani ameniambia kwamba zile betri alizileta ili redio iniokoe, imweleze Profesa yenyewe, nisilazimike kujieleza. Nikamshukuru. Simwamini hata kidogo. Lakini amenipa kiti cha dirishani.

Ijumaa, 17 Novemba. Kisumu

Nimepata kazi! Mimi, Laban Oketch, mhadhiri! Kwa majaribio, mwaka mmoja, lakini nimepata. Mkuu wa idara alisema kwamba sasa Ulaya imekuwa na moto, na wanafunzi wote wanauliza maswali, na hakuna mwingine wa kuyajibu kuanzia hapa mpaka Kericho. Fikiria! Ukuta ule ungesimama, pengine wangesema hauna habari. Kuanguka kwake kumeniajiri.

Wakoli naye amepata. Kumbe kulikuwa na nafasi ya pili ambayo hakuna aliyeijua, hata kamati yenyewe. Ofisi ni moja. Meza ni moja. Nimeshachagua upande wenye droo.

Nimemtumia mwalimu mkuu wa Awasi salamu zangu, na kumwachia chaki yake. Mama amechinja kuku. Mtaani tangu mchana wananiita Daktari, na sijamkatiza mtu, ingawa shahada yenyewe inangoja sura ya sita. Seline amenipa mkono, akasema alijua tu. Nikamuuliza alijua nini. Akasema basi tu, Mwalimu, hongera.

Kwenye kibanda cha Salim watu wanasikiliza habari wakiwa wamesimama. Siku hizi wanauliza maswali mazuri, kwa sauti ya chini. Mimi hujibu kwa sauti ya juu, kisha huwaona wakisogea kando mmoja mmoja. Hata hivyo kesho yake wamerudi. Kuna kitu kinaamka katika mji huu na mimi nimo ndani yake. Nina furaha kuliko nilivyostahili.

Ijumaa, 24 Novemba

Sura ya sita imekwisha! Nimeiandika siku saba bila kupumzika. Ni sura bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nimekubali kwamba ukuta umeanguka. Mimi si mkaidi. Lakini nimetazama mbali kuliko wenye redio. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilikuwa na tatizo moja tu, nalo ni ukuta. Sasa tatizo limeondoka! Watu watavuka, watawaona jamaa zao, watanunua ndizi, kisha watarudi nyumbani jioni wakiwa wametosheka. Kwa hiyo nchi hiyo leo ni imara kuliko ilivyowahi kuwa. Ujerumani hizo mbili haziwezi kuungana kabla ya mwaka 2040. Nimeweka na jedwali.

Asubuhi nilimsomea Wakoli kurasa zote, upande wa pili wa meza. Alitazama dirishani muda mrefu. Hakupinga hata nukta moja. Mchana nilikaa na Seline akipiga taipu. Alipofika kwenye 2040 vidole vyake vilisimama juu ya mashine. Akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akaendelea. Jioni niliisoma idarani mbele ya wahadhiri saba. Mkuu akaomba maswali. Wote walikuwa wanaangalia viatu vyao. Hakuna aliyeinua mkono.

Kesho naipeleka posta kwa Profesa, ya haraka. Nimemwandikia barua ya kumhakikishia kwamba somo lake limeniingia sawasawa. Safari hii nimewauliza watu kwanza, na wote, bila hata mmoja kusema neno, wamekubaliana nami.